Nilisema Mtoto Wangu Ana Kifafa ili Tukae Pamoja Ndegeni

Shikamoo Bi Mwanamina. Nakuandikia nikiwa darasani, watoto wameshatoka, nimebaki na madaftari ambayo sijayasahihisha kwa sababu kila nikifungua moja macho yanapita tu juu ya maandishi. Naomba unisaidie, mama yangu, kwa maana nimechoka na nafsi yangu, na Ijumaa hii inanibidi nitoe jibu ambalo sina.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Malindi, natoka Kisii lakini huku nimeshakaa miaka tisa, nimeolewa na Njenga ambaye ni mtunza stoo wa hoteli moja Watamu, na tuna watoto wawili wa kike, Hope wa miaka minne na mdogo wake ambaye ndio kwanza anaota meno. Mwezi wa nne dada yangu alikuwa anaolewa Nairobi, na Njenga akasema safari hii usiteseke na basi siku nzima na watoto, panda ndege, akanunua tiketi zile za bei ya chini ambazo huwezi kuchagua kiti mpaka uongeze pesa, na hatukuongeza. Sikuwahi kupanda ndege maishani, na wiki ile nilikuwa nimesahihisha mitihani ya madarasa mawili kwa sababu mwenzangu aliugua, na mtoto alikuwa halali, analia na kuning'ata bega, kwa hiyo nilifika uwanjani nikiwa sijui hata nimevaa viatu gani.

Pale kaunta nikapewa vikaratasi vya kupandia, changu na mtoto wa kupakatwa kiti cha safu ya tano, cha Hope safu ya kumi na mbili. Nikamwambia yule karani, kaka, huyu ana miaka minne, atakaaje peke yake? Akasema mfumo ndio umepanga, mtaelewana huko ndani. Nikajipa moyo kwamba wenye watoto huitwa kwanza, nitaingia mapema nizungumze na watu kabla hawajakaa wakatulia. Lakini walipoita wenye watoto wadogo, wazee na wagonjwa, mimi nilikuwa chooni nabadilisha nepi iliyovuja mpaka kwenye nguo yangu, na nilipotoka foleni ilikuwa imeshakuwa ya watu wote, nikajaribu kupita mbele, mama mmoja akaniambia, "Dada, foleni inaanzia huku," basi nikarudi nyuma na tukawa wa mwisho kabisa kupanda.

Ndani ya ndege ile viti ni viwili huku na viwili kule, katikati pana njia. Dirishani karibu na kiti changu alikaa mzee wa Kizungu, nikamwomba, akatikisa kichwa akanionyesha kikaratasi chake kwamba kiti hicho amekilipia zaidi. Upande wa pili wa njia alikaa mwanamume wa makamo, na dirishani kwake bibi mmoja mzee aliyejitanda leso, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Nilikuwa nimewaona pale nje, bibi akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Nikamwomba yule bwana ampishe Hope ili niwe namfikia kwa mkono. Bi Mwanamina, nataka niseme sawasawa alivyojibu maana ndipo penye dhambi yangu. Alisema kwa sauti ya chini, "Samahani dada, niko na mama'angu. Mama husahau. Asiponiona ataogopa."

Nilimsikia vizuri. Siwezi kusema kwamba sikusikia.

Mhudumu wa ndege akaja, binti mpole, kifuani jina limeandikwa Raiya, akaniambia, "Mama, nisubiri kidogo, niende nyuma nimuulize aliyekaa karibu na kiti cha mtoto kama atabadilishana nawe, mkae wote kule." Lilikuwa jambo la dakika mbili. Lakini mtoto alikuwa analia, Hope amenishika sketi, watu wote wananitazama, rubani ametangaza kwamba tumechelewa, jasho linanitoka na harufu ya nepi ninayo mwilini, na mimi nikaona siwezi kusimama pale hata dakika moja zaidi, ndipo maneno yakanitoka, "Mtoto wangu ana kifafa. Akianguka mimi niko mbali nani atamshika?"

Uso wa yule binti ulibadilika palepale. Akauliza, "Ana dawa?" Nikasema nimeshampa. Huo ukawa uongo wa pili, na huo wa pili ulinitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Mwanamke mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Wewe bwana ni mtu mzima, mpishe mgonjwa!" na wengine wakaitikia. Raiya akamwinamia yule mwanamume akamwambia, "Tafadhali baba, ni safari ya saa moja tu." Yule bwana hakugombana. Alimfunga mamake mkanda vizuri, akamwambia maneno kwa Kigiriama ambayo sikuyaelewa, akaenda safu ya kumi na mbili. Hope akakaa mahali pake.

Tulipokuwa juu ndege ikaanza kutikisika, taa ya mikanda ikawaka. Bibi akageuka kutoka dirishani, akamwona mtoto asiyemjua. Akaita, "Nyale." Akaita tena kwa nguvu. Akaanza kuuvuta mkanda, hajui unavyofunguka. Mwanawe akamwitikia kutoka nyuma, nikasikia sauti yake, akainuka, wakamwamuru akae kwa sababu ya ile taa, na bibi hakuwa anasikia vizuri kwa ngurumo ya ndege, akaendelea kuita mpaka sauti ikakauka. Alijikojolea. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, nimempakata mtoto aliyekuwa ameshalala, na unajua nilifanya nini? Nilimwambia Hope, "Usimwangalie." Ndivyo nilivyofanya. Sikunyoosha mkono. Hope akaniuliza, "Mama, mimi nina kifafa?" nikamwambia nyamaza.

Tulipotua watu wa mbele walitoka kwanza, nami nikatoka nao, sikugeuka.

Nikadhani yameisha. Wiki mbili baadaye, tumesharudi Malindi, nikamsikia Nyale redioni, kile kipindi cha asubuhi cha wasikilizaji. Alisema yeye ni fundi wa pampu za maji, anakaa Ganda, na alikuwa anampeleka mamake Nairobi kufanyiwa upasuaji wa macho, lakini tangu ndani ya ndege mama hakukubali tena kuachana naye hata kidogo, pale hospitali alikataa kabisa kuingia chumba cha upasuaji bila yeye, madaktari wakasema hawawezi, wakarudi nyumbani na macho yaleyale. Sasa humshika shati akienda kisimani, humshika shati akienda chooni, na kazi imemshinda. Akasema ameandika malalamiko kwa kampuni ya ndege kwamba mhudumu alimtenga na mgonjwa wake.

Alhamisi iliyopita kampuni ikanipigia. Mama mmoja mwenye sauti kavu alisema mhudumu wao amesimamishwa kazi, anajitetea kwamba abiria alimwambia mtoto ana kifafa, lakini hakuna popote palipoandikwa, kwa hiyo wanaomba nithibitishe kwa maandishi na niambatishe barua ya daktari, kabla ya Ijumaa.

Nilimweleza Njenga kila kitu. Hakunikaripia. Alikwenda kwa rafiki yake wa zahanati, akarudi na barua yenye muhuri, jina kamili la Hope, ugonjwa, na dawa anazotumia. Akaiweka mezani akasema, "Hii itamwokoa yule binti, na itatuokoa na sisi. Nani ataumia?" Nami Bi Mwanamina nimekaa na barua hiyo siku nne sina jibu la kumpa, kwa sababu ni kweli, Raiya atarudi kazini, na mimi sitaitwa mwongo mbele ya wazazi wa watoto ninaowafundisha, na Nyale ataambiwa tu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Lakini juzi mwalimu wa chekechea wa Hope alinipigia kuniuliza kwa nini sikumjulisha kwamba mtoto ana kifafa, maana Hope amekataa kukimbia na wenzake, anasema yeye ni mgonjwa, akianguka hakuna wa kumshika.

Nifanye nini, mama yangu? Niambie ukweli, nimechoka hata kujidanganya.

Moraa, Malindi

*

Marahaba, mwanangu Moraa.

Barua yako ilinifikia Jumanne na Ijumaa yenyewe ilikuwa inabisha hodi, kwa hiyo nilikujibu siku ileile kwa simu na maandishi, bila kungoja gazeti. Ninachokichapa hapa, kwa ruhusa yako, ni jibu hilohilo, ili na wengine wasome.

Kwanza nikupe haki yako. Kampuni inayomweka mtoto wa miaka minne safu saba mbali na mamake, kisha karani akasema mtaelewana ndani, imefanya vibaya. Imewauzia watu kukaa na watoto wao kama inavyouza soda, na asiyenunua anaachwa akagombane na abiria wenzake kwenye kile kijia chembamba. Ugomvi ule hukuuanzisha wewe. Tena ulikuwa umechoka, na mimi nimelea wanne, najua mtoto anayeota meno anavyomfanya mtu. Hapo nakuonea huruma, na simwonei huruma hata chembe yule Mzungu wa dirishani.

Lakini basi, mwanangu, huruma yangu inaishia hapo.

Uliambiwa ungoje dakika mbili. Binti wa watu alikuwa ameshapata njia ya kuwapatanisha nyote, bila mtu kuumia, na ulilolikosa ni dakika mbili. Na yule Nyale hakukunyima kiti kwa kiburi. Alikueleza shida yake kwa adabu, kwa maneno machache, nawe ukamsikia. Yeye na mamake walikuwa familia kama wewe na wanao. Kwa kuwa yeye ana ndevu na mama ana mvi, ukaona yao si kitu. Mtoto anayeogopa na mzee anayeogopa wanalia kilio kimoja. Na lile la kumwambia Hope asimwangalie, hilo umeliandika mwenyewe kwa mkono wako, sihitaji kuliongezea.

Sasa nisikilize kuhusu barua ya zahanati. Mumeo anauliza nani ataumia. Mwambie mimi nitamjibu. Ataumia Hope, ambaye jina lake litakaa kwenye mafaili na ugonjwa asio nao, na ambaye tayari ameacha kukimbia. Ataumia rafiki yake Njenga siku muhuri ule utakapochunguzwa. Na ataumia Nyale zaidi ya wote, kwa sababu barua hiyo itamfanya mtu aliyemlalamikia mtoto mgonjwa, na kijiji kizima cha Ganda kitamwambia angekuwa na utu kidogo. Umemwondolea kiti. Unataka umwondolee na haki ya kukasirika? Njenga anakupenda, naona hivyo, lakini amekwenda kuutia uongo wako muhuri. Ichaneni barua hiyo leo, wote wawili, kisha Njenga aende akamwambie rafiki yake kwamba haitatumika.

Kisha andika kwa kampuni. Usiandike ukurasa mzima wa machozi. Andika hivi: mtoto wangu hana kifafa; nilimwambia mhudumu Raiya kwamba anacho ili anipatie kiti; alinisihi nisubiri na mimi sikusubiri; alitenda kwa kuamini maneno yangu, na lawama ni yangu. Weka jina kamili na namba ya simu. Peleka kabla ya Ijumaa, na umtumie Raiya nakala kama unaweza kumpata. Utaona aibu. Wazazi wa darasa la pili huenda wakasikia. Wacha wasikie, mwalimu aliyekiri kosa hafukuzwi na wanafunzi wake, na kama mkuu wa shule akikuita, nenda umwambie haya haya.

Na leo jioni, kabla ya chakula, mkalishe Hope umwambie: wewe huna ugonjwa wowote, mama alisema uongo, na mama alikosea. Kwa maneno hayo. Usimwambie mama alikosea kidogo, wala mama alikuwa anatania. Kesho mpeleke mwenyewe kwa mwalimu wake ukaseme tena mbele yake, umwone mtoto anarudi uwanjani.

Halafu nenda Ganda. Mtangulize mtu akaulize kama Nyale yuko tayari kukuona, na akikataa, ukae nyumbani kwako. Akikubali, nenda na Njenga. Usibebe unga wala sukari wala leso mpya ya bibi, asije akadhani umekwenda kununua kitu. Sema ulichofanya, usiseme ulikuwa umechoka. Uchovu wako niambie mimi.

*

Wasomaji wangu, hayo nilimwandikia Jumanne. Baada ya wiki tatu Moraa alinipigia, na ameniruhusu niseme yaliyotokea.

Kampuni ilipata barua yake Alhamisi. Ilimwandikia maneno makali, na ilimrudisha Raiya kazini baada ya siku tisa. Moraa alimpigia Raiya mara mbili, hakupokea. Mara ya tatu alipokea mamake Raiya, akasema kwa utulivu, "Mwanangu hataki kuzungumza nawe, na mimi sitamlazimisha," akakata. Mkuu wa shule alimwita, akamsikiliza, akamwambia arudi darasani.

Kwa Nyale walikwenda Jumamosi asubuhi. Aliwapa viti chini ya paa la makuti, akasimama yeye. Mamake alikuwa ameketi karibu naye anachambua kunde kwa kupapasa, na mkono mmoja ulikuwa umeshika pindo la shati la mwanawe. Bibi alimsalimia Moraa vizuri sana, akamuuliza ni binti wa nani. Moraa akasema aliyokwenda kuyasema, tangu pale kaunta. Nyale hakumkatiza mpaka mwisho.

"Mama hakumbuki ndege," alisema. "Ukimuuliza, atakwambia hajawahi kupanda. Kilichobaki ni hofu tu, na yeye mwenyewe hajui imetoka wapi. Anayekumbuka ni mimi."

Moraa akamwomba msamaha. Nyale akaingia ndani. Bibi ikabidi ainuke amfuate, na Njenga akainuka kumshika mkono asijikwae, bibi akamkataa. Walitoka tena mama na mwana, Nyale ameshika karatasi.

"Msamaha sijui, dada," akasema. "Sitaki kukudanganya. Lakini yule karani wa kaunta alikutenga na mtoto wako kabla hujasema uongo wowote, na hilo nalo linaniuma, maana ndilo lililotuletea mengine. Malalamiko dhidi ya yule binti nimeyaondoa. Dhidi ya kampuni nayaandika upya, watu wasipangwe hivi tena, wenye watoto na wenye wazee. Nataka yawe na majina mawili. Utaweka lako?"

Moraa alinipigia kuniuliza aweke au asiweke, na kama kuweka jina maana yake amesamehewa.

Weka, mwanangu. Weka majina yako yote matatu na namba ya kitambulisho, eleza ya kaunta na ueleze pia ya uongo wako, ili mtu asije akawaumbua baadaye. Na lile la kusamehewa acha kuliuliza, kwake wala kwangu. Hakukuita kwa ajili hiyo. Amekuita mfanye kazi, nenda mkafanye kazi.